Faiba ya Mjini, Dishi la Shamba: Intaneti Ninayotumia Malindi na Gongoni

Nafundisha Kiswahili kwa video, usiku nne kwa wiki. Wanafunzi wangu wako Ulaya. Mimi wiki moja huwa kwangu Malindi mjini, wiki nyingine niko shamba kwa mama, Gongoni, kwa sababu umri umemwendea na sitaki alale peke yake. Kwangu intaneti ni jembe. Ikikatika saa mbili usiku somo likiwa katikati, ni pesa ya mtu nitakayomrudishia, na akikatikiwa mara tatu hatarudi tena.

Swali ninaloulizwa sana ni "dada, nichukue kampuni gani?" Mimi huanza kwa kuuliza nyumba iko wapi. Mtu wa Malindi mjini na mtu wa kijijini Marafa wakinunua kitu kimoja kwa sababu wameona tangazo moja, mmoja wao atajuta.

Kama uko mjini na waya wa faiba umeshapita kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba yako, weka faiba. Data inasafiri kama mwanga ndani ya uzi wa kioo, kwa hiyo mvua ya masika haiigusi, na watu kujaa mtaani Desemba hakuiathiri sana. Jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi ni kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma kutoka kwako. Wengi wetu tunatazama kasi ya kushusha tu, maana ndiyo inayoleta filamu. Lakini anayefundisha, anayefanya mikutano, au anayetuma video za harusi kwa wateja anategemea ile ya kupandisha. Somo langu la video linataka megabiti 2 hadi 3 kwa sekunde za kupandisha, na zisiyumbe. Faiba inanipa hizo bila jasho.

Bei nazo zimekuwa nzuri kidogo. Septemba 2024 Safaricom walipandisha kasi bila kugusa bei: kifurushi cha shilingi 2,999 kikatoka megabiti 10 hadi 15, cha 4,100 kikatoka 20 hadi 30. Nyumba ya watu wanne, mmoja anafanya kazi na watoto wanatazama katuni, haihitaji zaidi ya hapo. Nimeona watu wakilipia megabiti 80 huku ruta, kile kisanduku cha kurusha waifai, imefichwa nyuma ya kabati la vyombo.

Ila neno "faiba imefika Malindi" lisikudanganye. Imefika mitaa fulani, nguzo fulani. Kabla hujalipa, toka nje utazame nguzo, kisha ubishe hodi kwa jirani umuulize anatumia nini, na hasa umuulize ilipokatika mara ya mwisho walikuja baada ya siku ngapi. Mimi sikuuliza. Lori la mawe lilikwangua waya wetu kwenye kona, nikakaa siku tisa bila mtandao. Kila nikipiga simu naambiwa fundi yuko njiani. Siku ya tisa kijana alikuja na ngazi na kisanduku chake, akaziunganisha nyuzi mbili nyembamba kama unywele kwa dakika ishirini, akaondoka. Dakika ishirini! Tangu hapo naweka laini ya simu ya kampuni nyingine yenye bando dogo, hata kama mwezi mzima sikuigusa.

Tena hata faiba yako ikiwa nzima, mbele ya Mombasa iko bahari. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya nzima mtandao ukasuasua kwa siku kadhaa. Wiki ile kumpigia fundi wa mtaani kulikuwa kazi bure. Ukiona nyumba zote zinalia, subiri.

Kabla ya kuilaumu kampuni, angalia kuta. Shangazi yangu anakaa Langoni, Lamu, katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zile nene zinatupa ubaridi mchana wa jua kali, na zinameza waifai vilevile. Ruta ilikuwa daka la chini. Juu, anakolala na anakotazama mawaidha, simu inaonyesha kijistari kimoja. Alikuwa ameshaongeza kifurushi mara mbili akidhani kasi ni ndogo. Nilisimama mlangoni na simu nikapima: megabiti 19. Nikapanda ngazi kumi na mbili, nikapima tena: megabiti 1. Tulichofanya ni kuvuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, tukaupitisha pembeni ya ngazi, juu tukafunga kisanduku cha pili cha kurusha waifai. Akarudi kwenye kifurushi chake cha kwanza. Vile visanduku vya kupokea mawimbi na kuyarusha tena bila waya havisaidii sana nyumba za namna ile, maana kisanduku chenyewe kinapokea mabaki. Na kama nyumba yako iko ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, usitoboe ukuta wa nje wala kufunga dishi linaloonekana barabarani kabla hujauliza watu wa uhifadhi. Ule mji ni wetu sote.

Sasa Gongoni. Huku ndiko nilikopoteza pesa.

Nilienda duka moja mjini, nikaambiwa mtandao wa Gongoni ni moto, nikasaini mkataba wa mwaka wa ruta ya laini ya simu, inayopata mtandao kutoka kwenye mnara kama simu yako. Nilipofika nikaijaribu saa nne asubuhi, ikanipa megabiti 14. Nikamwambia mama tumepona. Saa mbili usiku wanafunzi wameingia, uso wangu ukaganda kwenye kioo, sauti yangu inawafikia vipande vipande kama mtu anayezungumza kisimani. Nikapima: chini ya megabiti 1. Mnara ni mmoja, na jioni kila mwenye simu kuanzia Mambrui mpaka huku ametoka kazini na yuko kwenye mnara huohuo. Miezi kumi na moja iliyobaki nililipia kitu nisichokitumia.

Kwa hiyo ukiwa shamba na unafikiria ruta ya laini, nunua kwanza laini za kampuni mbili au tatu na bando la siku moja moja. Kaa palepale utakapoweka ruta, upime saa ileile utakayotumia, jioni tatu tofauti, moja iwe ya wikendi. Gharama yake ni ndogo. Ukiwa na ruta mkononi, ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio utafute nambari ya nguvu ya mawimbi. Huandikwa na alama ya kutoa: kutoa 85 ni nzuri, kutoa 100 ni ya kuvumilia, ikishapita kutoa 110 usijidanganye. Sogeza ruta hatua mbili uangalie tena. Kwa mama, kuitoa mezani na kuiweka dirisha la juu linalotazama mnara kulibadilisha nambari kutoka kutoa 108 hadi kutoa 94. Paa la mabati linazuia sana mawimbi, la makuti linayapitisha. Antena ya nje kwenye mlingoti mara nyingi inafaa kuliko kununua ruta ya bei kubwa zaidi.

Ruta ya laini haikunitosha kwa kazi yangu, nikahamia kwenye dishi la setilaiti. Mama hakushangaa hata kidogo. Pale Ngomeni, jirani yetu, ndipo kilipo kituo cha anga cha San Marco cha Waitaliano, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru, ilirushwa kutoka baharini hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. "Setilaiti tumezijua sisi kabla yenu," ndivyo alivyoniambia, akaendelea kukuna nazi.

Starlink, intaneti ya setilaiti ninayotumia, iliingia Kenya Julai 2023, vifaa vikiuzwa karibu shilingi 90,000. Baadaye bei ikashuka sana, likaja na dishi dogo la bei nafuu zaidi. Tofauti yake na setilaiti za zamani ni umbali. Zile zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na sauti ikienda na kurudi unahesabu zaidi ya nusu sekunde, kiasi kwamba mwalimu na mwanafunzi wanaongea kwa kugongana. Hizi ziko kilomita 550 hivi, mazungumzo yanakwenda kama kawaida. Na shamba ndiko kunakozifaa. Novemba 2024 huduma hiyo ilifungia wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa watu walijaa. Huku kwetu nyumba ziko mbalimbali, anga ni la kugawana wachache.

Lakini anga lazima liwe wazi, na sisi tuna minazi. Siku ya kwanza nilifunga dishi uani, nikaona kila baada ya dakika chache mtandao unakatika sekunde tatu au nne kisha unarudi. Kwa filamu hutagundua. Kwenye somo ni balaa. Programu yake inakuchorea ramani ya anga na kukuonyesha panapozibwa, na kwangu palikuwa na wekundu umbo la kuti kabisa. Sikukata mnazi, mama asingenisamehe. Tulisimika boriti ya mkoko pembeni ya banda la kuku, dishi likapanda juu ya makuti, wekundu ukaisha. Tumia programu hiyo kupima anga kabla ya kununua, haihitaji dishi, simu tu.

Halafu stima, jambo ambalo watu wa mjini hulisahau. Ruta ya faiba au ya laini inakula wati 10 hivi. Dishi kubwa linakula 50 hadi 100 kutegemea aina, lile dogo 25 hadi 40. Chukua betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 100. 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi usiinyonye kupita nusu, kwa hiyo una wati-saa 600. Ruta itakaa nazo siku mbili na zaidi. Dishi dogo litakaa usiku kucha. Dishi kubwa la wati 75 linazimaliza kwa muda wa saa nane, na hapo hujawasha taa wala kuchaji simu. Nilichukua dogo kwa sababu hiyo tu, na hesabu ya betri ilinisaidia kuliko hesabu ya megabiti. Mjini nimefunga kibetri cha kushikilia ruta stima zikipotea, ni cha bei ndogo na kimeniokoa mara nyingi.

Kuhusu kugawana: ndani ya boma la familia tunachangia, na mzigo unakuwa mwepesi. Kuwauzia majirani waifai ni jambo jingine, linahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na ukiambiwa kifurushi hakina kikomo, uliza ni baada ya kiasi gani kasi inapunguzwa, na jibu liwe kwenye maandishi.

La mwisho ni chumvi. Gongoni tuna mashamba ya chumvi na upepo wa bahari, na hewa hii haina huruma na shaba. Mwezi wa tano, kusi limeshika, mtandao ulianza kusita nikadhani ni mawingu. Nikachomoa waya wa dishi na kukuta vijino vya kiunganishi vimeota kutu ya kijani. Sasa kila baada ya miezi mitatu nazima umeme, nachomoa, nafuta kwa kitambaa kikavu na spiriti kidogo, naacha pakauke, narudisha, kisha nazungushia utepe wa mpira usiopitisha maji. Waya uache ulegee kidogo chini ya kiunganishi kabla haujaingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasitiririke mpaka kwenye soketi.