Frank Johnson hakuwa jaji kabla ya 1955

Kuna wanaodhani Frank Johnson, yule jaji wa Marekani wa kesi za haki za Weusi, alipanda kutoka ujaji wa jimbo; hapana, hakupanda hivyo. Alikuwa wakili wa kawaida tu Jasper, kamji kadogo ka Alabama, toka 1946, halafu 1953 akawa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, ndo 1955 Rais Eisenhower akamteua jaji wa shirikisho kule Montgomery. Hukumu zake nilizisoma nikiwa chuo, sheria, na bado zinanisisimua. Hajamaliza hata mwaka kazini akakutana na ile kesi ya ubaguzi kwenye mabasi, Browder v. Gayle, ila hiyo msimpe peke yake, walikaa majaji watatu wakaamua wawili kwa mmoja, yeye na jaji mwenzake Rives, kwamba ubaguzi huo unavunja katiba. Ya kwake mwenyewe ni ile ya Machi 1965 aliporuhusu maandamano ya kudai haki ya Weusi kupiga kura, kutoka Selma mpaka Montgomery, amri ikaeleza mpaka barabara, penye njia nne waandamane wote ila ikibana kuwa njia mbili wasizidi 300. Na maamuzi hayo aliyalipia jamani, 1967 nyumba ya mama yake ililipuliwa bomu, bahati mama akatoka salama.