Maswali ya Wasomaji: Jean de Joinville na Nyumba Aliyoiacha

SWALI: Mhariri, habari za wafalme walioongoza Vita vya Msalaba ni nyingi, lakini za familia za wapiganaji wao ni chache mno. Kabaila wa Kifaransa alipoondoka kwa miaka kadhaa, nani alibeba gharama, na wale aliowaacha nyumbani walikuwa katika hali gani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, anayefaa kukujibu ni Jean de Joinville, kwa sababu uzeeni aliandika kumbukumbu zake, wala hakuona haya kutaja madeni na hofu zake. Alizaliwa yapata mwaka 1225 mashariki mwa Ufaransa, kwa Simon de Joinville na Béatrix d'Auxonne, katika ukoo uliorithishana cheo cha msimamizi mkuu wa nyumba ya watawala wa jimbo la Champagne. Safari za vita kwao zilikuwa jambo la ukoo: babu yake, Geoffroy wa Nne, alifia katika kuzingirwa kwa mji wa Akka, pwani ya Palestina, na baba yake mkubwa, Geoffroy wa Tano, alifia katika ngome ya Krak des Chevaliers huko Syria.

Jean alipojitayarisha kumfuata Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa katika Vita vya Msalaba mwaka 1248, mkewe, Alix de Grandpré, alikuwa amejifungua mtoto wao wa pili mkesha wa Pasaka. Baada ya karamu za juma zima aliwakusanya watu wake, akawaambia kwamba hajui kama atarudi, na kwamba yeyote aliyemdhulumu ajitokeze alipwe. Kisha akatoka barazani ili wajadiliane bila ya kumwonea haya. Mama yake alikuwa hai na bado anashikilia sehemu ya mali, hivyo mapato ya Jean kwa mwaka hayakufika livre 1,000 (livre ilikuwa fedha ya Ufaransa ya wakati huo), naye alilazimika kwenda Metz kuweka rehani sehemu kubwa ya ardhi yake. Siku ya kuondoka alitembea miguu mitupu kuzuru makanisa ya jirani, akakataa kugeuka kuitazama ngome yake, asije akalegea moyo kwa ajili ya wanawe wawili.

Hata hivyo fedha hazikutosha. Alipofika Cyprus na wapiganaji wake tisa, akiisha kulipa nauli ya jahazi, alibakiwa na livre 240 tu, na baadhi yao wakatishia kumwacha. Ndipo mfalme alipomwajiri kwa livre 800. Mwezi Februari 1250 alijeruhiwa kwa mishale Mansurah, nchini Misri, na miezi miwili baadaye akatekwa katika mto Nile. Hapo nasaba ilimfaa kwa namna ambayo binafsi naiona ya ajabu: alipoulizwa kama ana udugu na Kaisari Frederick wa Pili wa Ujerumani, alijibu kwamba anaamini mama yake ni binamu wa kaisari huyo, na amiri aliyemhoji akasema kwamba kwa hilo anampenda zaidi.

SWALI: Je, ni kweli kwamba baadaye alikataa kumfuata mfalme huyo huyo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni kweli. Aliporejea mwaka 1254 alikuta raia wake wamefukarishwa na maofisa wa mfalme wa Ufaransa na wa mfalme wa Navarre, ambaye ndiye aliyetawala pia Champagne. Kwa hiyo Louis alipotangaza vita vingine mwaka 1267, Jean alijibu kwamba akitaka kumridhisha Mungu atabaki kuwalinda watu wake, na akaona kwamba waliomshauri mfalme kwenda walitenda dhambi ya mauti, kwa jinsi alivyokuwa dhaifu wa mwili. Mfalme alifia Tunis tarehe 25 Agosti 1270. Jean, aliyekuwa amekwisha kufiwa na Alix na kumwoa Alix de Reynel, aliishi hadi tarehe 24 Desemba 1317, akiwa amepita miaka 90, na Anseau, mtoto wa ndoa hiyo ya pili, akarithi Joinville.