Fundi Anajibu: cc 68 za Skyline, kibano cha Celica na springi za Impreza

Barua za mwezi huu zimenuka mafuta na raba. Nimechagua nne. Mbili za kwanza zilinipeleka hadi kabatini kufukua majarida ya zamani, ya tatu ni fupi, na ya nne imenikumbusha dhambi yangu mwenyewe.

Shikamoo Mzee. Nasoma chuo cha ufundi hapa Arusha. Tulibishana darasani: kwa nini Nissan Skyline GT-R ya R32 ina injini ya cc 2,568? Magari mengi ya Japan yanaishia chini kidogo ya 2,500. Mwalimu amesema vipimo vya pistoni vimeangukia tu hapo. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Mwalimu nisalimie, lakini hapo ameteleza.

Toka nje na kadi za magari mkononi. IST ya injini ya 1NZ ni cc 1,496. Altezza ya 3S ni 1,998. Mark X ya V6 ndogo ni 2,499. Kila moja imesimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, kwa sababu kodi ya gari ya kila mwaka kule Japan hupanda kwa ngazi ya cc 500. Hapa kwetu nako ushuru huongezeka ukivuka 2,000, waulize walioagiza.

Skyline yenyewe imevuka kizingiti kwa cc 68, na mwenye gari akalipishwa kodi ya ngazi ya juu. Nissan hawakuwa wajinga. Walikuwa wanasoma daftari jingine, la sheria za Kundi A za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zilizoanza mwaka 1982. Sheria hizo zilitaka gari la mashindano liwe ndugu wa damu wa gari la dukani: utengeneze 5,000 ndani ya miezi 12, ndipo uruhusiwe kulileta uwanjani. Kisha magari yakagawanywa kwa ukubwa wa injini, na kila daraja likapewa uzito wake wa chini na upana wake wa tairi. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo gari linavyolazimika kuwa zito.

Sasa turbo inaingia wapi? Injini ya turbo inavuta hewa kuliko ukubwa wake, hivyo wakubwa wakaamua cc zake zizidishwe kwa 1.7 ndipo ipangiwe daraja. Shika kalamu: 2,568 mara 1.7 ni karibu 4,366. Daraja linaishia 4,500. Wangetengeneza injini ya 3,000 ingehesabiwa 5,100, ikarushwa daraja la juu na kubebeshwa kilo zaidi. Wangebaki na 2,499 wangeacha nguvu mezani. Kwa hiyo mteja wa Tokyo alilipia kodi cc 68 ambazo zilikuwa za dereva wa mbio.

Na zililipa. Katika mbio za saluni za Japan, kuanzia 1990 hadi 1993, GT-R ilishinda raundi 29 kati ya 29. Kule Australia ilishinda mbio kubwa za Bathurst mwaka 1991 na 1992, hadi watazamaji wakaizomea. Mwaka 1993 Waaustralia wakaja na sheria mpya ya V8 za lita 5, na Skyline ikakosa pa kuingilia.

Wajerumani nao walicheza karata hiyohiyo. BMW M3 ya kwanza, E30, ilianza na silinda nne za cc 2,302. Daraja lao liliishia 2,500, basi mwaka 1990 wakatoboa silinda kutoka milimita 93.4 hadi 95, wakarefusha mwendo wa pistoni kutoka 84 hadi 87, ikawa 2,467. Walitengeneza 600 tu za aina hiyo. Piga hesabu mwenyewe kwa kanuni ya silinda mliyofundishwa, utaona inakubali. Kisha mpelekee mwalimu, kwa adabu.

Salaam aleikum Fundi. Mimi wa Kisauni, Mombasa. Marehemu baba alikuwa mgonjwa wa Safari Rally na gari lake lilikuwa Celica GT-Four, hakutaka kusikia jingine. Juzi mtu kanambia Toyota walifukuzwa mashindanoni kwa wizi. Nimeumia. Ni uzushi?

Waalaikum salaam, ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee. Si uzushi, lakini acha nikutenganishie mambo mawili.

Celica aliyoipenda baba yako ni toleo la ST185. Hiyo ilishinda Safari mara nne mfululizo, 1992 hadi 1995. Mwaka 1993 magari ya Toyota yalishika nafasi nne za kwanza, na 1994 ushindi ulibaki nyumbani kwa Ian Duncan, Mkenya. Mimi nilikuwa kijana wa spana Tanga, matokeo tuliyasikia redioni huku mikono ina grisi. Ushindi huo hakuna aliyeugusa.

Iliyonaswa ni mdogo wake, ST205, kwenye rali ya Catalunya nchini Hispania mwaka 1995. Nguvu ya injini za turbo kwenye rali hubanwa kwa kitu cha kishamba kabisa: pete yenye tundu, inayokaa mdomoni mwa turbo. Hewa yote lazima ipite humo. Mwaka ule tundu lilipunguzwa kutoka milimita 38 hadi 34. Unaweza kudhani milimita nne si kitu, lakini eneo la tundu linakwenda kwa kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo moja ya tano ya njia ya hewa ilikuwa imezibwa. Na tundu hilo halidanganyiki kwa kukanyaga mafuta: hewa ikifika mwendo wa sauti pale kwenye shingo, haiongezeki tena hata turbo izunguke kama wazimu. Ndiyo maana injini za rali hazipigi kelele za juu kama za saketi, yaani uwanja wa mbio wa lami. Zimefundishwa kuvuta kwa nguvu chini, mahali ambapo tundu bado linatosha.

Toyota walifanya nini? Pete ilikuwa halali, milimita 34 bila upungufu. Ujanja ulikuwa kwenye kikazio cha mpira wa hewa. Kikikazwa kwa kifaa maalumu, springi zilizofichwa ndani ziliisogeza pete mbali na turbo kwa milimita 5 hivi, ikafunguka njia ya pembeni ya hewa ambayo haikupita kwenye tundu. Mkaguzi akifungua ule mpira ili apime, springi zinarudi, pete inakaa mahali pake, kila kitu safi. Rais wa FIA wa wakati huo, Max Mosley, alikiri kwamba wataalamu wake hawakuwa wameona kifaa cha ustadi kama hicho kwa muda mrefu. Kisha akawafungia. Pointi zote za mwaka zilifutwa, na timu ikakaa nje miezi 12.

Mimi kama fundi nitakwambia siri ya moyo: kile kikazio ningependa kukishika mkononi, nikifungue, nikifunge tena. Ni kazi ya mtu aliyelala macho. Lakini ni wizi.

Mzee, mbona kwenye mbio za saluni za Uingereza aliyeshinda alikuwa anawekewa uzito kwenye gari? Si uonevu? – Dodoma

Ni uonevu wa makusudi. BTCC, yaani hizo mbio za saluni za Uingereza, wanatafuta magari yanayogusana bampa hadi mwisho, maana ndicho watu wanacholipia kiingilio. Kwa miaka mingi aliyeongoza alifungiwa vipande vya chuma, na wa nyuma wakaenda wepesi. Kuanzia 2022 hadi 2024 walipotumia mota ya umeme ya kusaidia injini, wakaacha vyuma: aliyeongoza alipunguziwa sekunde za kuitumia mota hiyo katika kila mzunguko. Kwangu mimi vyuma ni bora, mtazamaji anavielewa.

Shikamoo Fundi. Mimi ni dada wa Mwanza, nina Impreza ya 2002, ile ya macho ya mviringo. Nilitaka ikae chini kama magari ya mbio. Fundi wangu akakata springi zote nne, duru moja na nusu kila moja. Sasa inanesa kama kitanda cha chuma, tairi za mbele zimelika upande wa ndani kwa miezi mitatu, na cha ajabu, kwenye kona inalala kuliko mwanzo! Fundi anasema bado iko juu, tukate tena. Nifanyeje?

Marahaba, dada yangu. Kwanza ficha grainda ya huyo fundi.

Sikucheki, maana na mimi nimo. Mwaka 1998, nikiwa nimeshahamia Gerezani, Dar es Salaam, kijana mmoja aliniletea Corolla, akitaka ishuke kabla ya harusi ya Jumamosi. Sikuwa na subira ya kutoa springi. Nikachukua gasi, nikakata zikiwa humohumo ndani. Gari likashuka vizuri, kijana akafurahi, tukapeana mikono. Wiki ya tatu akarudi juu ya breki dauni. Springi ya nyuma kushoto ilikuwa imekatika na ncha yake imetoboa tairi. Nikaishika ile ncha: pale nilipopitisha moto, chuma kilikuwa na rangi ya bluu yenye kung'aa, kama shingo ya njiwa. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa kipimo, nami nilikipika upya bila kipimo. Nilimnunulia springi nne kwa pesa yangu. Ile ncha bado iko kwenye droo yangu, nawaonyesha vijana wanaokuja kujifunza.

Turudi kwako. Shida zako tatu zina mama mmoja lakini kila moja ina njia yake.

Kunesa: springi ikipungua duru inakuwa ngumu zaidi, siyo fupi tu. Kama zilikuwa duru sita zinazofanya kazi na umetoa moja na nusu, ugumu umepanda kwa theluthi moja. Shokapu ni zilezile za mwanzo, zilizopimwa kutuliza springi laini. Sasa springi inairudisha bodi kwa hasira na shokapu haina ubavu wa kuikamata. Juu ya hapo, kwa kuwa gari limeshuka, fimbo ya shokapu karibu yote imeshaingia ndani. Ukipita tuta unagonga ule mpira mdogo wa mwisho, na hapo ni kama huna springi kabisa.

Tairi kulika ndani: gari likishuka, kichwa cha tairi kinainama ndani, na tairodi, vile vyuma vya kugeuzia tairi, nazo zinabadili pembe, pua za tairi hazitazami tena mbele sawasawa. Tairi linakwenda huku likiburuzwa. Magari ya mbio za saluni yanainamisha tairi kuliko lako, lakini mbio yao moja haifiki nusu saa na tairi jipya linasubiri kwenye lori. Lako linasubiri mshahara.

Na hii ya kulala kwenye kona, hapo umeuliza swali ambalo mafundi wengi wanalikimbia. Impreza yako inakaa juu ya shokapu zilizosimama, na chini kuna wishiboni moja kila upande, ule mkono wa chuma unaoshika tairi. Chuchumaa mbele ya gari uitazame. Ilipotoka kiwandani wishiboni ilikuwa imeteremka kidogo kuelekea kwenye tairi. Sasa nina hakika imelala sawa au imepanda. Gari linapolala kwenye kona, bodi inazunguka nukta fulani isiyoonekana, na mahali ilipo nukta hiyo panaamuliwa na pembe ya wishiboni. Umeushusha uzito wa gari sentimita tano, lakini nukta imeshuka zaidi ya hapo. Umbali kati ya uzito na nukta umerefuka, na uzito umepata mtalimbo mrefu zaidi wa kuibinua bodi. Mtalimbo ukirefuka, hata mtoto anang'oa msumari. Wenye magari ya mbio wanalijua hilo, ndiyo maana pale sheria inaporuhusu wanahamisha matundu ya kufungia wishiboni au wanaweka boljointi ndefu, kile kiungo cha wishiboni na tairi, ili pembe irudi.

Kisha kuna jambo la barabara. Saketi ni lami iliyopigwa pasi. Wewe una matuta, mitaro ya mawe na njia ya kwenda kwa shangazi. Magari yaliyokuja Safari yalinyanyuliwa, hayakushushwa, na madereva wake walikuwa mabingwa wa dunia.

Dawa yake: tafuta springi nne za asili za gari lenye injini na bodi kama lako, zisiwe za kuungaunga. Kagua shokapu zote: bonyeza kona ya gari kwa uzito wako, achia, inatakiwa ipande mara moja na itulie. Ikirudi mara ya pili, imekufa. Bushi (zile raba) za wishiboni na za stabilaiza, chuma kinachozuia bodi kulala, zibadilishe kwa pamoja, kwa miaka hiyo zitakuwa zimepasuka. Alaimenti, yaani kunyoosha tairi, iwe ya mwisho, ukifanya kabla umetupa pesa. Ukitaka bado ishuke, nunua springi fupi zilizotengenezwa pamoja na shokapu zake, na usivuke sentimita mbili na nusu. Kulala kwenye kona kunatibiwa na stabilaiza nene ya nyuma kuliko kimo.

Ukimaliza niandikie vipimo vya alaimenti, kabla na baada. Na zile zilizokatwa usimuuzie mtu.