Ramani ya Upepo Haikuonyeshi Mwenye Ardhi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kupanga maeneo ya mitambo ya upepo, kitu cha kwanza utakachokabidhiwa ni ramani ya kasi ya upepo. Isome, ila isikuroge. Nilipoanza kazi hii nami niliamini kwamba penye upepo ndipo pa kujenga.

Angalia Kinangop, kule Nyandarua, Kenya. Upepo upo, na Nairobi si mbali. Mradi wa megawati 60.8 ulikuwa umepata fedha na vibali. Lakini watu wa pale wanaishi kwenye mashamba madogo madogo, nyumba kwa nyumba, na maswali yao kuhusu fidia na afya hayakupata majibu ya kuwaridhisha. Mwaka 2015 mwandamanaji mmoja akapoteza maisha. Mwaka 2016 mradi ukafa.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la kalenda. Tuliitisha baraza la wafugaji katikati ya kiangazi. Chini ya mgunga walikuja akina mama, watoto na wazee wachache. Karatasi ya mahudhurio ikajaa sahihi na alama za dole gumba, nami nikafurahi. Mzee mmoja akainuka, akachora mchangani kwa fimbo yake mistari miwili: njia ya ng'ombe kwenda kisimani, na njia ya kurudi mvua ikinyesha. Mstari wa pili ulipita katikati kabisa ya safu yetu ya mitambo. "Wenye njia hii hawapo," akasema. "Wako na mifugo." Ilibidi turudi baada ya mvua, tuanze upya. Hadi leo naona aibu kwamba sikuuliza mapema.

Isitoshe, sheria nayo inadai hivyo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba na mwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, kwenye mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Sahihi za waliobaki nyumbani hazikufikishi huko. Huko Loiyangalani, Marsabit, kuna mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake nchi inauhitaji kweli. Hata hivyo, Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo, ekari zipatazo 150,000, hazikupatikana kwa kufuata sheria. Wakati huo mitambo ilikuwa imeshajengwa miaka kadhaa.

Hapo hapo kuna funzo jingine: mitambo ilikamilika 2017, ikakaa bila kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa hadi Septemba 2018, kwa sababu laini ya umeme ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Kila nguzo nayo inasimama kwenye ardhi ya mtu. Panga njia ya nyaya siku ile ile unayopanga mitambo.

Ukipata nafasi nenda kwenye mradi wa upepo wa Kipeto, Kajiado. Jamii ya pale ina fungu lake katika mradi. Tena tumbusi, ndege walio hatarini kutoweka, wamewekewa walinzi wenye darubini: akionekana anakaribia, mtambo unasimamishwa hadi apite.

Basi ukienda eneoni mara ya kwanza, uliza mifugo iko wapi mwezi huu, na itarudi lini. Tarehe ya baraza ipange baada ya kupata jibu.