Daftari la msumarini: mwaka wetu na watoto wawili

Ukutani karibu na friji yetu kuna msumari, na kwenye msumari kuna daftari nililolitoboa nikalipitishia kamba ya kiatu. Nililianzisha Januari mwaka jana kwa sababu ya ubishi. Mimi nasema mtoto kapewa dawa, baba watoto anasema hajapewa, dada wa kazi anasema alimpa nusu akaitema. Nikaona bora yaandikwe. Mwaka ulipoisha nikalisoma lote usiku mmoja, umeme umekatika, namulika kwa tochi ya simu, na baadhi ya niliyoyakuta yalinitia aibu.

Tunakaa Tabata, Dar es Salaam. Mwaka ulianza mkubwa akiwa na miaka 5, anaingia darasa la awali, na mdogo ana miezi 15.

Ukurasa wa kwanza nimeandika: "Kiatu kimoja hakionekani." Ilikuwa siku ya kwanza ya shule. Alikwenda na ndala. Jioni dada anachota unga wa ugali, kiatu hicho hapo, ndani ya ndoo ya sembe. Mkubwa alipoulizwa akajibu bila wasiwasi, "Nilikificha kisiende shule." Sisi tulikuwa tumehangaikia sare, madaftari na fagio la chelewa, ila hakuna aliyefikiria kumpeleka mwenyewe akaione shule. Jumamosi nikampeleka. Darasa hakulijali hata kidogo. Alichotaka kujua ni choo kiko wapi na mlango unafungwaje. Tukaujaribu mlango mara nne. Jumatatu aliondoka kimya. Kwa hiyo ukiwa na anayeanza mwakani, anza na choo.

Kila tulipogombana, iwe sisi wakubwa au mimi na watoto, nilikuwa naweka herufi U pembeni ya ukurasa. Usiku ule nikagundua karibu U zote ni za jioni, kati ya saa kumi na moja na saa mbili. Sababu ilikuwa njaa. Baba watoto anarudi saa mbili, Barabara ya Mandela ikiwa na huruma, na sisi tulikuwa tunamsubiri ili tule pamoja kama familia za kwenye matangazo. Kumbe mdogo saa kumi na mbili keshawaka, mkubwa analia kwa sababu ndizi imekatika katikati, na mimi naongea kwa sauti ambayo jirani anaisikia. Tangu Agosti watoto wanakula saa kumi na mbili kamili, hata kama ni kiporo cha wali na maharage.

Mama mkwe hakupendezwa. "Wanakula peke yao kama wapangaji?" Sikubishana naye. Jumapili mchana tunakaa mkekani wote, sinia moja, na yeye akiwepo ndiye anayegawa nyama. Siku za kazi nimeng'ang'ania msimamo wangu.

Masika yaliandikwa kwa mwandiko mbaya kuliko miezi yote. Aprili mdogo alianza kuharisha usiku, mvua inanyesha, uani maji yamejaa hadi kwenye ngazi. Bahati tulikuwa na pakiti mbili za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye droo. Pakiti moja, lita moja ya maji safi na salama. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa kikombe. Alikunywa kwa pupa, akatapika yote. Nikahamia kijiko cha chai, kijiko kimoja kimoja, nahesabu taratibu kabla ya kingine, na niliendelea hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi kituo cha afya wakatupa vidonge vya zinki. Siku ya tatu tumbo likatulia, nami nikaviacha. Nesi alinisema vizuri tu: zinki inamalizwa siku zote 10 hata kama kuhara kumekoma. Na asingeweza kunywa kabisa, au macho yangeingia ndani, au ningeona damu kwenye choo chake, nisingetakiwa kungoja hata hiyo asubuhi.

Mwezi huohuo alitimiza miezi 18, yaani chanjo ya pili ya surua na rubela. Tulichelewa wiki tatu. Kadi ya kliniki ilikuwa imelowa kwenye begi, tarehe imefutika. Siku hizi kila nikirudi kliniki naipiga picha kadi kabla hata sijavua viatu.

Juni ni homa. Baba watoto alikwisha vaa viatu aende duka la dawa kununua mseto, dawa ya malaria, maana kwetu homa yoyote tumezoea kuiita malaria. Nikakataa, tukaenda kupima. Tone la damu kidoleni, dakika kama 15, hakuna malaria. Mtoto alikuwa anaumwa sikio. Tungemnywesha mseto siku tatu huku sikio linaendelea kuoza.

Sasa la aibu. Julai dada aliaga anakwenda msibani Dodoma, hakurudi. Nililaumu weee, mpaka nilipofungua daftari: mshahara wa Mei ulichelewa siku tisa, wa Juni siku kumi na mbili. Nimeandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, pembeni nimeweka "atavumilia". Wiki tano tulizokaa bila msaidizi zilitugharimu kuliko mshahara wake. Huyu wa sasa analipwa tarehe 28, kabla ya king'amuzi, kabla ya mchango wowote wa harusi. Na tarehe hiyo imeandikwa hapo msumarini, anaiona.

Desemba ilikuwa nyepesi: matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kwenye kampeni ya watoto wa chini ya miaka mitano. Mdogo alipata vyote. Mkubwa keshapita umri huo, lakini alituganda tukaenda naye.

Januari hii nimenunua daftari jipya. Wiki iliyopita mkubwa kashonwa nyuzi mbili kidevuni baada ya kuanguka bombani, na tuliporudi alinisimamia nikiandika. Bado hajui kusoma vizuri, ila anajua mimi huandika nini.

"Andika sikulia."

Nikamwambia ulilia, nesi alikusikia.

Akafikiri. "Basi andika nimelia kidogo."