Mbwa Mtulivu na Mbwa Aliyeganda: Kwa Wewe Unayeanza Kazi ya Kufariji

Pita Lavington, pita South B, geti baada ya geti kibao ni kilekile: MBWA KALI. Sarufi yake tulishaisamehe. Lakini kibao hicho kinaeleza vizuri jinsi Nairobi inavyomjua mbwa: mlinzi wa usiku anayelipwa makoko ya ugali. Mgeni akifika habishi hodi kwanza, anauliza, "Mbwa wamefungwa?" Sasa wewe umeamua kumwogesha wako, kumchana manyoya na kumpeleka kwenye makao ya wazee akaweke kichwa mapajani pa shosho asiyemjua. Karibu. Mimi nimeifanya kazi hii ya kujitolea kwa miaka sita, na niliianza vibaya, kwa hivyo acha nianzie hapo.

Mbwa wangu wa kwanza, Simba, nilimnunua akiwa mkubwa, ameshafunzwa na mtu anayefunza mbwa wa ulinzi. Ukimwambia "sit" anaketi kama sanamu. Ukimwambia abaki, anabaki hata mvua ikinyesha. Majirani walimsifu, nami nikaona huyu ndiye. Siku ya kwanza wazee saba walimzunguka, wakamvuta masikio, wakampapasa hadi miguuni, naye hakutikisika. Nilirudi nyumbani nimejaa kiburi. Jioni nikakaa na binti yangu kuangalia picha alizopiga. Katika kila picha mdomo wa Simba ulikuwa umebanwa, masikio yamelala nyuma, mkia umeingia katikati ya miguu, na weupe wa jicho umetokeza pembeni. Hakuwa mtulivu. Alikuwa ameganda. Alishafunzwa kwa fimbo kwamba akisogea atapigwa, basi hakusogea. Ziara ya pili sufuria ilianguka jikoni, kishindo kikubwa, na Simba akamngurumia mzee aliyekuwa amemwinamia, pua kwa pua. Hakumuuma. Nilimtoa nje nikitetemeka kuliko yeye, na sikumrudisha tena.

Ukisoma hapa na kuacha, shika hili tu: mbwa anayevumilia watu si mbwa anayewapenda, na kwa macho ya haraka wawili hao wanafanana. Njia ya kuwatofautisha haihitaji pesa. Mwombe mtu ambaye mbwa wako hamjui aketi kwenye kiti, asimwite wala asimtazame. Wewe simama hatua tatu nyuma, kamba imelegea. Je, mbwa anakwenda mwenyewe? Akienda, yule mtu amkune kifuani kwa sekunde tatu, kisha aondoe mkono. Anayependa atasukuma kichwa kuomba aongezwe. Anayevumilia atajikung'uta kama aliyetoka mtoni, au ataanza ghafla kunusa sakafu isiyo na kitu. Jifunze na ishara nyingine ndogo: kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua tena na tena, kugeuza uso, kuhema wakati hakuna joto. Mbwa hukuambia mara kumi kwa adabu kabla ya kunguruma. Simba aliniambia, mimi ndiye sikuwa najua lugha.

Mbwa wangu wa pili, Kahawa, nilimpata baadaye, chotara kutoka makazi ya KSPCA, shirika la kutetea wanyama, kule Karen, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hakujua amri hata moja. Lakini siku niliyokwenda kumwona, alimpita kila mtu aliyesimama akaenda kumwegemea fundi aliyekuwa chini akitengeneza bomba. Amri hufundishwa. Hamu ile ya kumwendea mtu aliye chini sijui mwalimu wa kuifundisha.

Katika kufunza, tupa fimbo. Tumia chakula, tena kidogo: maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa harage, au omena. Omena ni dawa, ila mfuko wa koti lako hautasahau. Smokie, zile soseji za stejini, ziache, zina chumvi nyingi. Na mfunze kwa Kiswahili. Hapa mjini tuna tabia ya kumwamuru mbwa kwa Kiingereza, sijui tulirithi kwa nani, na mimi pia mwanzoni nilimfunza Kahawa "sit" peke yake. Shosho mmoja akamwambia, "Kaa chini, mama." Kahawa akamtazama. Akarudia, "Keti basi!" Kahawa akamtazama. Shosho akageuka akaniuliza kama mtoto wangu ni kiziwi. Wiki hiyohiyo tulianza upya na keti, lala, njoo, acha.

Neno "acha" ndilo litakalookoa maisha. Sakafu ya makao ya wazee huangukiwa na vidonge vya presha. Sisi tulilizoeza Karura, kwa kuwa mbwa wanaruhusiwa msituni humo wakiwa kwenye kamba, na kima wake ni mtihani tosha: anayeweza kuacha kima akakutazama wewe, ataacha kidonge. Kelele tulizianza mjini Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, kisha tukasogea polepole hadi jirani na stejini, makanga wakigonga mabati ya matatu. Usimpeleke soko la Gikomba siku ya kwanza ukadhani atazoea. Atazoea kuogopa. Kiti cha magurudumu niliazima kwa jirani, nikakisukuma uani huku omena zikidondoka kandokando ya magurudumu, mpaka Kahawa akawa anakikimbilia kila akikiona. Magongo pia, na mtu anayetembea akiyumba, na mtu anayepayuka ghafla, na mikono miwili mitatu kumshika kwa pamoja. Hayo yote yanatokea ndani, afadhali ayaone kwanza nyumbani kwenu.

Sasa cheti cha mbwa wa kufariji, ambacho najua ndicho kilichokuleta. Wazo la kumtumia mnyama katika kuliwaza wagonjwa lilipata jina miongoni mwa wataalamu mwaka 1961, pale mwanasaikolojia wa watoto wa Marekani, Boris Levinson, alipowaeleza wenzake kuwa mbwa wake Jingles alimfungua mdomo mtoto ambaye hakuwa anazungumza naye. Wengine walimcheka. Mwaka 1977 likaanzishwa Marekani shirika ambalo leo linaitwa Pet Partners, na mwaka 1983 Uingereza ikapata Pets As Therapy. Taratibu zao ni nzuri kuzisoma hata ukiwa Umoja au Kikuyu. Pet Partners hawampimi mbwa peke yake: hupima wawili, mnyama na mtu wake, na kipimo hurudiwa kila baada ya miaka 2. Mbwa awe ametimiza angalau mwaka 1. Asiwe analishwa nyama mbichi, kwa sababu ya vijidudu kama salmonela ambavyo mzee mdhaifu hawezi kupambana navyo. Na kazi isizidi saa 2 kwa siku.

Kipimo tulichokitumia sisi ni mfano wa mtihani wa American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, wa mwaka 1989, uitwao Canine Good Citizen, wenye hatua 10. Mbwa anakubali mgeni asalimiane nawe, anakubali kuguswa na kuchanwa, anatembea bila kuvuta kamba, anapita katikati ya watu, anaketi, analala na kubaki, anakuja akiitwa, anampita mbwa mwingine bila vurugu, hapagawi kitu kikianguka, na mwisho anaachwa na mtu mwingine kwa dakika 3, wewe usionekane. Chakula cha kumshawishi hakiruhusiwi wakati wa mtihani. Mwalimu wa mbwa aliyetusimamia alituangusha mara ya kwanza, na kosa lilikuwa langu. Kila mgeni alipokaribia, mkono wangu ulikaza kamba bila mimi kujua, kwa hofu ya mambo ya Simba, na Kahawa alipokea ujumbe kwamba wageni ni hatari. Nilikaa mwezi mzima nikijifunza kulegeza mkono. Mbwa hakufunzwa chochote mwezi huo.

Kuna tovuti zitakazokuuzia beji na fulana bila hata kumwona mnyama wako. Hicho ni cheti bandia kama vya River Road, tofauti ni kwamba unalipa kwa dola. Pia usichanganye kazi yetu na ya mbwa anayemwongoza asiyeona: yule ni macho ya mtu. Wetu ni mgeni aliyealikwa, na mgeni huingia pale tu alipoitwa. Fulana haikupi ruhusa ya kuingia naye supermaketi.

Matron wa makao atataka faili kabla ya cheti. Weka humo kadi ya chanjo, barua ya daktari wa mifugo ya karibuni, tarehe za dawa ya minyoo na ya viroboto. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka, bila kuruka. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, na mtu yeyote aliyekulia kijijini anakumbuka hadithi ya aliyeumwa. Kwa hivyo ukiulizwa kuhusu chanjo mara tatu na watu watatu, onyesha kadi mara tatu na usinune. Na iwapo meno yatagusa ngozi ya mtu, hata kwa bahati mbaya: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usianze kujitetea kwanza.

Kucha zikatwe na kusuguliwa kwa tupa, maana ngozi ya mzee huchanika kama karatasi. Beba shuka safi ya kutandika mapajani. Kila mtu anawe mikono kabla na baada. Usiende wakati wa chakula. Usafiri? Matatu isahau. Tafuta dereva mmoja wa teksi asiyeogopa mbwa, tandika shuka yako kitini, na muwe mnaelewana.

Na uombe ruhusa kwa kila mtu, si kwa matron pekee. Waislamu wengi wa hapa, wa kutoka Pwani na wa Eastleigh, wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Anayekuambia "msogeze" hamchukii mnyama wako, anailinda swala yake. Rafiki yangu anayetembelea nyumba yenye wazee wengi Waislamu huenda na paka mnene wa rangi ya chungwa, na anapokewa kama bibi harusi. Pet Partners nao husajili paka na sungura, kwa hivyo usidhani ni lazima mbwa.

Wengine wana sababu nyingine. Kuna mzee wa miaka zaidi ya 80 ambaye wakati wa Hali ya Hatari, ile ya 1952 hadi 1960, alikuwa kijana kwenye shamba la mzungu. Aliniambia, "Mbwa wa bwana shamba alikula nyama kila jioni, sisi tukiona. Halafu ndiye aliyetumwa kutukimbiza." Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo tunaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, mbali na kiti chake. Hajawahi kumgusa Kahawa, na hatarajiwi kumgusa. Huniuliza tu kama ameshakula.

Ziara zetu ni dakika 45, mara mbili kwa mwezi. Kahawa akifika nyumbani hunywa maji na kulala mpaka giza liingie, na siku hiyo simtoi tena, hata watoto wakilia kwenda Karura. Asubuhi ya ziara mimi hufungua mlango wa teksi na kusubiri apande mwenyewe. Simbebi. Akikataa mara moja, huenda ni tumbo. Akikataa mara ya pili, mpigie matron simu umwambie leo hamji.