Usiunganishe msaidizi wa AI na Jira kwa tokeni ya msimamizi

Ndugu, usiiweke tokeni hiyo. Umeandika kwamba kesho unaunganisha msaidizi wa akili mnemba na Jira ya kampuni yenu, yaani mfumo wa kufuatilia tiketi (maombi ya msaada na kazi), kwa tokeni ya msimamizi mkuu, ule ufunguo wa kidijitali unaompa mwenye kuushika ruhusa zake zote, ili mambo yasikwame, kisha ukauliza msaidizi yupi ni bora, gharama ya mwezi ni kiasi gani, na kama ataelewa tiketi za Kiswahili. Nilipofika kwenye neno tokeni nilishtuka, kwa sababu mwaka jana nilimweleza mshauri wetu mpango huohuo, naye akanijibu kwamba hauna tatizo lolote, nikaunganisha kwa tokeni yangu.

Sisi hapa Dar es Salaam tunahudumia programu za SACCOS, na wateja hufungua tiketi wenyewe. Viporo vilikuwa vimezidi 900. Ijumaa moja jioni nilimwagiza msaidizi avipitie vyote na kufunga tiketi zilizokufa. Mimi nilijua nimekusudia nini kwa neno hilo, lakini yeye alilichukua kuwa ni kila tiketi ambayo haijaguswa kwa siku 30, akafunga 412. Miongoni mwake zilikuwamo tiketi za riba iliyokuwa ikikokotolewa vibaya, ambazo hazikuguswa kwa kuwa tulikuwa tukisubiri taarifa za benki, na kila moja ilipofungwa, mfumo ulimpelekea mteja barua pepe kumwarifu kuwa shida yake imetatuliwa. Mhasibu wa chama kimoja alipokea barua 17 usiku ule. Jumatatu asubuhi tulimkuta mapokezi, amezichapa zote, akitaka tumwonyeshe ni ipi kati ya shida hizo iliyotatuliwa.

Hatukuwa na jibu, na hapo ndipo tokeni ilipotuumiza zaidi. Tokeni ya mtumiaji isiyowekewa mipaka hubeba ruhusa zote alizonazo mwenyewe, na historia ya tiketi huandika jina lake kwa kila badiliko. Kwa hiyo tiketi zote 412 zilionekana nimezifunga mimi, zikiwa zimechanganyika na zile nilizozifunga kwa mkono wangu jioni ileile. Kuzifungua upya kwa mkupuo hakukufaa, kwa sababu nyingine zilistahili kufungwa na wateja wake wangepata barua ya pili yenye kupingana na ya kwanza. Watu wawili walikaa siku tisa wakisoma tiketi moja baada ya nyingine. Chama kile hakikuhuisha mkataba wake, na sikuweza kukilaumu.

Mshauri yule bado ananikera. Nilimuuliza waziwazi kama msaidizi anahitaji akaunti yake, akasema huko ni kupoteza bure fedha za leseni. Mtu anayelipwa kwa ajili ya ujuzi wake alipaswa kujua kwamba ile Model Context Protocol, utaratibu wa kuwaunganisha wasaidizi wa AI na mifumo mingine, ambao kampuni ya Anthropic iliutangaza Novemba 2024 na ambao umefanya kuunganisha kuwe kazi ya dakika chache, ni njia ya kupitishia maombi tu. Msaidizi afike wapi na afanye nini huamuliwa na akaunti unayompa.

Basi mfungulie akaunti yake, yenye jina linaloonyesha wazi kuwa ni mashine, na mpe ruhusa ya kutazama mradi mmoja. Katika Jira, kutazama mradi, kuandika maoni, kubadili hali ya tiketi na kufuta tiketi ni ruhusa mbalimbali, kwa hiyo huna sababu ya kumpa zote. Wetu sasa huandaa orodha ya tiketi anazopendekeza zifungwe pamoja na sababu ya kila moja, na binadamu ndiye anayezifunga. Kumbuka pia kwamba maelezo ya tiketi huandikwa na watu wa nje. Mtu akiandika humo agizo la kunakili tiketi za wateja wengine, msaidizi anaweza kulitii kana kwamba limetoka kwako, na asichoweza kukiona ndicho pekee ambacho hatakitoa.

Kuhusu Kiswahili, wetu husoma vizuri hata tiketi zilizochanganywa na Kiingereza. Lakini fungua akaunti hiyo kwanza, na kama tokeni ya msimamizi umekwisha kuibandika mahali popote, ifute usiku huu.